Mgombea Mbele ya Meza ya Pai

Hebu mwone akiingia ukumbi wa kanisa letu huku Minnesota, Oktoba ile ya 1954, kofia kaikumbatia kifuani, anafuta viatu mlangoni kama mtoto aliyegombezwa. Anagombea unaibu gavana, kiti ambacho wengi wetu hatukujua kazi yake. Kila mkono anaupokea kwa mikono yake miwili, anauliza hali ya ng'ombe kabla ya hali ya watoto, na sauti haipandi kamwe. Lakini mezani zilimngoja pai za tufaha, kila moja imeokwa na mtu wake. Mpinzani wake alikuja wiki moja kabla, akasifu pai ya mama mmoja, akapoteza kura za wengine wote.

"Haya, mheshimiwa," Mama Torvik akamchokoza, "ipi tamu? Na usituzungushe!"

Akazionja zote taratibu, kisha akaivuta ile iliyoungua, ya mzee Halvor, aliyefiwa na mkewe majira ya kuchipua na ndiyo kwanza anajifunza kuoka. Akaila na ukoko wake, akaomba kipande kingine.

"Utavunja meno, baba!" akina mama wakacheka, wala hakuna aliyenuna. Halvor akawa mwekundu hadi masikioni kwa furaha.

Kura zetu alizipata. Ila mpaka leo tunabishana: wewe unaonaje, alimhurumia Halvor, au alitupigia hesabu sisi?