Mkono Kwenye Sinia

Nilifanyiwa opresheni ya kupunguza tumbo nikiwa na miaka arobaini na sita, na wala si kwa sababu ya urembo. Nalisema hili mapema kwa kuwa kila anayeisikia habari hiyo hunitazama juu mpaka chini, kama kwamba nilikwenda kununua kiuno. Nilikwenda kwa sababu ya mguu wa mama. Sukari ilimla mguu wa kulia polepole: kwanza kidole, kisha nusu ya wayo, mwisho kila kitu chini ya goti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kusafishwa vidonda. Halafu nami nikapimwa, nikaambiwa sukari yangu imepanda na unene wangu unazidi kuisukuma. Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani nikiitazama miguu yangu miwili. Niliipenda sana siku hiyo.

Daktari alikuwa mzaliwa wa hapa hapa Kisumu, wa familia ya Kihindi iliyouza mabati na misumari mjini tangu enzi za babu yake. Anasema Kiswahili cha mbio, kama mtu aliyeona mvua inakuja na nguo zake ziko kambani. Alinichorea kwenye karatasi: tumbo litakatwa, kitabaki kifuko kidogo tu, na utumbo utaunganishwa na kifuko hicho ili chakula kipite njia ya mkato. Alinieleza pia yale yanayoweza kuharibika baadaye. Niliyasikia jinsi bibi harusi anavyosikia nasaha za mashangazi, nikitingisha kichwa na akili yangu iko kwingine.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Sukari ilishuka, nikaachishwa dawa, magoti yakanyamaza. Mama alifurahi kunishinda. Mama yangu ni Mjaluo wa pande za Usenge, akasilimu alipoolewa na baba, ambaye ukoo wake ulianzia pwani ukaoana na watu wa kila namna njiani mpaka ukafika ziwani. Kwa baba alichukua sala na pilau. Kiswahili alijitengenezea chake mwenyewe. Alikuwa akinishika kifundo cha mguu na kuniita nyathina, yaani mwanangu. "Hii ugonjwa imetoka kwako, nyathina. Wacha ienda na isirudi."

Mji wenyewe haukufurahi. Kwetu huku mwanamke akikonda hapongezwi, hupewa pole. Jirani mmoja alinivuta kando akaninong'oneza kuhusu kliniki ambako dawa hutolewa kwa siri na wauguzi wana heshima. Chama changu cha akina mama kilikuja na unga wa wimbi na dua ndefu. Nilipowaambia mimi si mgonjwa, walitikisa vichwa kwa huruma zaidi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliwapa chai nikiwa nimeuma meno, na walipoondoka niliufungia unga wao kabatini kwa kishindo.

Kumbe walikuwa wameniona kabla sijajiona. Mwaka wa pili mwili haukujua tena pa kusimama. Nikila wali kidogo, au kitu chenye utamu, moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka mgongoni, mikono ikatetemeka, na sauti za watu zikawa mbali. Siku nyingine nilitapika hata maji. Nywele zilitoka na kitana, vidole vya miguu vikafa ganzi, pete ikaangukia kwenye karai la vyombo. Daktari alipitisha kamera kooni akakuta kidonda pale kifuko kinapoungana na utumbo. Akanipa dawa na amri moja: nile kidogo kidogo, mara nyingi, na niache pilau.

Niache pilau! Daktari huyo hajui Ijumaa ya nyumbani kwetu. Baada ya sala ya mchana ndugu zangu huja na wake zao na watoto. Wanaume hula sebuleni, na sisi wanawake na watoto tunakaa kwenye mkeka kuzunguka sinia letu. Tangu mguu uende, mama hula kitini, na sahani yake peke yake, kipande cha ugali wa wimbi, mboga na samaki wa kuchemsha. Kwa hiyo mkubwa wa sinia nikawa mimi. Na mkubwa wa sinia ana kazi moja, asiwe wa kwanza kutoa mkono. Akiutoa yeye, wadogo nao wanautoa, hata kama hawajashiba, na atakayeendelea kula ataonekana hakulelewa.

Ijumaa ya kwanza niliporuhusiwa kula wali baada ya opresheni nilimega matonge mawili matatu, nikajaa mpaka kooni, nikanawa. Mikono yote ikatoka. Mawifi zangu wakasema alhamdulillahi kwa sauti ya watu wanaotoka kuzika, na watoto wakabaki wanaitazama nyama iliyokuwa katikati. Niliwaambia endeleeni, mimi nina sababu zangu. Hakuna aliyeendelea. Adabu haitambui cheti cha daktari.

Basi nikajifunza kubaki. Mkono niliuweka ukingoni mwa sinia, nikachezea wali, nikachambua nyama na kuwasogezea watoto. Lakini watu wa kwetu wakikuona unachezea chakula watakuuliza nani kakuudhi, na wifi yangu mkubwa ana macho ya mwizi. Nikawa nakula. Tonge baada ya tonge, nikiomba kimoyomoyo watoto washibe upesi, na watoto wale wana matumbo ya magunia. Halafu najifanya nakwenda kuangalia chai, najifungia msalani, natapika bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiadhimisha Ijumaa.

Mimi hushona mapazia. Siku moja nilikuwa mtaa wa Milimani kwa mteja, nimepanda kwenye stuli napima dirisha refu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai ya sukari kwa haraka. Nilichokumbuka baadaye ni zulia puani na sauti ya mwenye nyumba akimwita mlinzi. Dereva wake alinipeleka kwa daktari na tepu ya kupimia ingali shingoni.

Daktari aliifunga faili yangu. "Mama, hii tunaweza kuirudisha."

"Kuirudisha vipi? Tumbo si lilitupwa?"

"Halikutupwa. Lile kubwa bado liko ndani, limekaa tu. Tunaliunganisha tena, chakula kinapita njia yake ya zamani."

Nililia. Miaka miwili nilikuwa nimelihesabu katika marehemu wangu, kumbe lilikuwa humo humo, limenyamaza, halina kazi. Yeye aliendelea kwa mwendo wake wa mbio. Uzito unaweza kurudi. Sukari inaweza kurudi. Opresheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Na kwa jinsi nilivyokwisha, hanigusi kwa kisu mpaka nipate nguvu kwanza. Yaani ili nifanyiwe kitu cha kunifanya nile, ilinibidi kwanza nile.

Mama alipolisikia neno sukari hakutaka kusikia lingine.

"Mguu yangu ilienda ikazikwa na watu mimi sijui," alisema. "Wewe Mungu amekutolea hii kitu, sasa unataka kuenda kuichukua tena? Aa, nyathina. Hapana."

"Mama, ninakufa nikiwa na miguu yangu yote miwili."

Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo, na tulikaa tukiyasikiliza mpaka yakaisha bila kutazamana.

Ijumaa iliyofuata nilikula kama kawaida yangu, lakini sikufika msalani. Miguu iliniishia kwenye ujia. Niliketi sakafuni nikiwa nimelowa jasho, ulimi mzito, nikisikia masinia yakikusanywa. Aliyenifikia kwanza ni mama, juu ya magongo yake. Mawifi walisema nimeshikwa na pepo, wengine wakasema presha. Mama hakubishana nao. Amekaa na sukari miaka mingi, anajua ikipanda inavyokuwa na ikishuka inavyokuwa, akaona yangu imeshuka, kama inavyonishuka kila nikijaza kifuko. Alitoa mfukoni glukosi anayotembea nayo, akanipaka ndani ya shavu kwa kidole, akangoja, akanipaka tena.

Nilipoweza kumwona vizuri alikuwa analia. Sikuwahi kumwona mama akilia, hata walipomkata.

"Mimi nilifikiri wewe umepona," alisema. "Enda wakufungue."

Ijumaa iliyofuata, sinia lilipowekwa, mama alimkabidhi wifi yangu magongo yake na kusema ashushwe. Tukadhani anatania. Walimshika makwapani, akateremka kutoka kitini, akajisukuma kwa kisigino mpaka akafika kwenye mkeka. Akajikalisha penye nafasi yangu, akasema bismillahi, akanitupia jicho. Nilikula nilichoweza, kidogo sana, kisha nikautoa mkono. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mkubwa alikuwa bado anakula.

Na alikula! Polepole, kwa uvivu wa makusudi, akisimulia habari za Usenge, nani aliozewa na dagaa wa omena kiasi gani mvua ilipomkuta hawajakauka. Watoto walishiba mpaka wakalala pale pale. Nilipomkumbusha kwamba pilau amekatazwa, aliniambia mkubwa hasemezwi kwenye sinia. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kila Ijumaa alishushwa, na kila Ijumaa nililala bila kutapika. Siku nyingine nilikunywa maziwa ya unga ya daktari na kula mayai na samaki vipande vya kidole. Mashavu yakaanza kurudi kidogo. Daktari akanipima akatabasamu, akanipa siku ya kulazwa.

Ndipo mama akaanza kuvaa soksi. Kisumu na joto hili, soksi! Alisema miguu ya wazee ni baridi. "Miguu ipi?" nikamtania, "si unao mmoja tu?" Alicheka sana, kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na hilo lilipaswa kunishtua.

Asubuhi moja niliingia kumbadilishia shuka nikakutana na harufu. Ile harufu siwezi kuikosea, niliisindikiza hospitali mpaka mguu wa kwanza ukakatwa. Nilivua soksi. Kisiginoni palikuwa na kidonda kikubwa kama kifuniko cha soda, kingo zake nyeusi. Alikuwa amekibandika kitambaa cha leso.

"Ni hii sakafu," alisema, kana kwamba tunazungumzia jambo la jirani. "Nikijisukuma, kisigino inakwaruza. Mimi sisikii uchungu."

"Umekuwa nacho tangu lini?"

Aliichukua soksi mkononi mwangu. "Nilijua ukiona utaogopa. Utasema sukari ni hii, utakataa kuenda."

Nilimfokea mama yangu mzazi. Nilimwambia mambo ya mguu mmoja uliobaki, ya kufanya mambo ya kitoto, ya ukaidi wa watu wa Usenge. Nilimwambia nafuta opresheni, nitakaa na kifuko changu mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa sahihi: niliogopa. Nilikitazama kisigino kile nikaona changu. Aliniacha mpaka maneno yakaniishia, kisha akasema.

"Ukikataa kuenda, basi hii kidonda nimeipata bure."

Sijafuta. Nalazwa wiki ijayo, na hofu yangu nakwenda nayo vilevile.

Lakini kidonda hakingoji wiki ijayo, kwa hiyo juzi nilimpeleka mama. Tuktuk ilituacha langoni. Kumteremsha, kumpa magongo na kumfikisha kwenye benchi kulinimaliza. Niliketi kando yake nikihema, kichwa nimekiegemeza ukutani, jasho linanitiririka. Mama alinifuta uso kwa ncha ya leso yake. Muuguzi alitoka na faili mkononi, akatutazama, bibi kizee mwenye mguu mmoja na mwanamke aliyebaki mifupa.

"Mgonjwa ni nani hapa?" aliuliza.

Nilimwonyesha mama. Mama naye alikuwa tayari ameninyooshea mimi kidole.

"Anza na huyu," mama alimwambia. "Mimi naweza ngoja."

Muuguzi alibaki amesimama pale mlangoni, akitutazama kwa zamu, asijue amwingize nani.