Kifurushi cha Uzi Mwekundu

Nauza abolo, mkate wa mahindi wa mvuke, na majani ya kuufungia, hapa Kpetoe tangu binti yangu wa kwanza hajaota meno, na sasa yeye mwenyewe ana watoto. Kwa hiyo mtu asiye mfanyabiashara mwenzangu akija kununua majani ya kufungia chakula, lazima nijue anakwenda kuyafanyia nini. Siku Efo Dotse aliposimama mbele ya meza yangu akitaka majani thelathini, nilidhani ametumwa.

"Si mkeo yuko Lomé kwenye biashara zake?" nikamuuliza.

"Yuko. Ni yangu mimi."

"Efo, umechoka kufuma? Sasa unataka kuninyang'anya wateja?"

"Daavi Akpene, nipe majani. Maneno baki nayo."

Ndivyo alivyo. Ni mfumaji wa vitambaa vya kente, mguu wake wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya, na maneno huyatoa kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Tumekuwa majirani miaka ishirini na sijawahi kumshinda kwa kelele, kwa sababu yeye hapigi. Siku ile nilimcheka mbele ya wateja wangu. Nikasema mwanaume kapata jiko, tutafute mwanamke wa kumfumia kente. Alichukua majani yake akaondoka. Leo nikikumbuka naona aibu, na naisema wazi ili aibu yenyewe ipungue.

Sikujua kwamba binti yake, Sitsofe, ana ugonjwa wa sukari. Msichana wa miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye adabu, anasoma sekondari ya kutwa kule Ho. Nilikuwa nadhani sukari ni ya wazee, na yeye Sitsofe alijua kwamba wengi tunadhani hivyo. Alimwapisha baba yake asimwambie mtu. Muuguzi alikuwa amewaeleza vizuri: anachoma sindano asubuhi, na ikifika saa sita na nusu mchana lazima ale, tena ale chakula cha maana. Asipokula, ile dawa itamwangusha.

Basi baba akawa anampikia. Mwanzoni ilikuwa kunde na gari kidogo, ile chenga ya muhogo uliokaangwa, dagaa juu, kwenye bakuli la bati lenye mfuniko. Lakini binti alianguka darasani. Akapumzishwa, akarudi shuleni, wiki ya tatu akaanguka tena. Na bakuli lilikuwa linarudi jeupe kila siku, limelambwa.

"Ulikula?" baba alimuuliza.

"Nilikula, Papa."

"Ulikula kiasi gani?"

Hapo Sitsofe akaanza kulia. Alikuwa akifungua bakuli anasema, "Karibuni tule," kama alivyofundishwa tangu anatambaa. Na wenzake walikuwa wanakaribia kweli. Watoto wanatoka nyumbani kabla ya jua, wengine hawajatia kitu mdomoni, ukiwakaribisha wataacha? Mikono sita kwenye bakuli moja. Yeye alikuwa anapata matonge mawili, la tatu likibahatika. Kulikuwa na mmoja anaitwa Yayra, huyo sifa zake zilifika mpaka Kpetoe. Efo Dotse alimwita Yule wa Mikono Miwili, kwa jinsi alivyochota.

Mwalimu mkuu akamwita baba. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu. Alisema mtoto akianguka mara ya tatu, atamrudisha nyumbani apone, na mtihani wa mwisho ataufanya mwaka unaofuata. Sitsofe alikuwa anataka kusomea uuguzi. Mwaka mmoja kwa maskini si mwaka mmoja; mtu hukaa nyumbani, anaolewa, basi.

Mimi ningemwambia mtoto afunge mlango ale peke yake. Haya yote Efo alinieleza baadaye, alipokuja mara ya pili kwa majani na mimi nikakataa kumuuzia mpaka aseme, naye akaniapisha nifunge mdomo. Nikamwambia hivyo hivyo: "Ale kwa kujificha! Afya ni yake!"

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Mimi sikumzaa mtoto wa kula kwa kujificha, Daavi. Kosa si kukaribisha. Kosa ni bakuli."

Mtu asiyesema mambo mengi alikuwa amewaza jambo hilo wiki nzima juu ya kitanda chake cha kufumia. Bakuli halina mpaka. Mkono ukiingia hujui umechukua cha nani. Kifurushi kina mwisho wake. Ukimpa mtu kimoja, amepata chake, na heshima iko palepale.

Majani ya kwanza yalikuwa yamempasukia jikoni, kwa hiyo akaniomba nimfundishe. Nilimfundisha, na sikuwahi kuwa na mwanafunzi msumbufu kama yule. Kunde zilowe usiku kucha, zimenywe maganda, zisagwe na kitunguu na pilipili kidogo. Dagaa wakavu wapondwe humo. Majani ya mboga ya gboma yakamuliwe maji kabisa, yasije yakachuruzika kwenye madaftari. Nusu yai la kuchemsha katikati, jani likunjwe, lifungwe, liingie kwenye mvuke. Mimi hufunga kwa kukunja tu. Yeye hakuridhika. Alitoa uzi wa kufumia akafunga kila kifurushi fundo la mfumaji, lile usiloweza kulifungua kwa pupa.

Vifurushi vitano vya uzi mweupe, vya wageni. Kimoja cha uzi mwekundu, kikubwa, yai zima ndani, na pembeni karanga za kukaanga bila chumvi. Hicho ni cha Sitsofe.

"Sema karibuni," alimwambia, "waache wachague vyeupe. Chekundu usimpe mtu, hata akikuimbia."

Alifanya hivyo kila siku ya shule, mwaka mmoja na miezi minne. Aliamka alfajiri, akachechemea jikoni, kisha akaenda kufuma. Vidole vyake vilinuka dagaa mpaka wanunuzi wa kente wakawa wanauliza. Mwanaume ambaye nilimcheka mbele za watu! Sitsofe hakuanguka tena hata mara moja.

Ikafika siku ya karatasi ya kwanza ya mtihani. Karibu saa sita mchana nilimwona Efo anakuja mbio, na sijawahi kumwona akikimbia. Mkononi ana bati la chakula. Alikuwa ameingia ndani kuchukua uzi, akalikuta juu ya sanduku. Gari la kwenda Ho lilipiga honi mapema, mtoto akatoka na kalamu zake tu.

"Daavi," alisema. "Daavi, kasahau."

Niliacha abolo motoni, nikalichukua lile bati. Nikamdaka kijana wa pikipiki, nikamwambia akikanyaga breki nitamlaani. Mpaka Ho nilikuwa naona kitu kimoja tu, yule mtoto kwenye sakafu. Tulifika saa saba kasoro dakika kumi, na geti limefungwa.

"Mama, siku ya mtihani mgeni haingii," akasema mlinzi.

"Mgeni nani? Mimi nimeleta chakula cha mgonjwa! Fungua, au niruke na uzee huu unibebe wewe!"

Nikachungulia ndani ya geti, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Sitsofe ameketi, anatafuna. Mapajani kuna jani limefunguliwa na uzi mwekundu umening'inia. Pembeni yake msichana mnene wa uso mpana anamsimamia, mikono kiunoni.

"Maliza na yai," alikuwa anamwambia. "Usinitazame mimi, tazama yai."

Nikamwita huyo msichana getini. Alikuwa Yayra.

"Hicho chakula umekitoa wapi?"

"Nimepika, Mama. Kila siku ya jaribio au mtihani nabeba kimoja kwenye mkoba, asije akasahau chake. Nikirudi nacho nakula mwenyewe."

"Nani alikwambia habari zake?"

"Hakuna. Tulimwona akianguka mara mbili, Mama, sisi si vipofu. Halafu anakaribisha watu vyeupe vyote, chekundu anakikalia. Tukaelewa. Hataki tuseme, hatusemi."

"Na kupika nani kakufundisha?"

Akacheka. "Nimekula vya kwao vingapi? Nisijue kilichomo?"

Nililia pale getini, mimi na umri wangu, mlinzi ananitazama.

Nilirudi Kpetoe jioni. Efo Dotse alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kufumia bila kufuma. Nikamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la yai. Akapangusa uso kwa kiganja.

"Uzi wenyewe ulikuwaje?" akauliza.

"Mwekundu. Nilikuletea uone." Nikampa.

Akauvuta kati ya vidole, ukakatika. "Wa cherehani huu," akasema. Akainama kwenye sanduku lake, akatoa kibonge kizima cha uzi mwekundu wa kente, kipya, hakijaguswa, akaniwekea mkononi.

"Kesho Sitsofe ampelekee Yayra," alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja kwa jina lake.