Karambu na Mchungwa wa Marehemu Idris

Watu wa mtaa walisema mchungwa wa Rahema umekasirika. Idris, mumewe muuza nyama, ndiye aliyeupanda uani: mche wa kupandikizwa, mfupi, wa kumfika mtu kifuani, ukazaa machungwa matamu ajabu. Idris alipofariki, Rahema hakukubali kisu kiuguse. Alichopanda marehemu hakikatwi. Miaka mitano baadaye mti ulikuwa umepita paa, umejaa miiba, na matunda yake makali ya kukunja uso. Sasa shemeji yake alitaka kuung'oa Ijumaa ajenge chumba.

Rahema alimlilia Karambu, mama aliyemuuzia ndizi sokoni Gakoromone. Kabla ya ndizi, Karambu alikuwa amepogoa kahawa miaka thelathini huko milimani. Vyama vya wakulima viliajiri wanaume, lakini wenye mashamba walimfuata yeye nyumbani, kwa siri.

Alifika Alhamisi na mkasi wa kahawa mfukoni, msumeno mdogo umefungwa kwa gunia. Hakukata kitu. Aliuzunguka mti mara tatu, akapiga magoti, akafukua majani makavu shinani.

"Mama Khalifa," alimwita Rahema kwa jina la mwanawe, "umekuwa ukimwagilia nani hapa?"

"Si mchungwa?"

"Umelisha mgeni, mwenye nyumba akalala njaa."

Alimwonyesha kovu la pale ulipopandikizwa, shubiri moja juu ya udongo. Juu ya kovu ni mchungwa. Chini yake ni shina la mlimau lililoubeba. Mlimau ulikuwa umechipua na kupanda juu, na lile tawi nene, lililonyooka, ambalo Rahema alijivunia, lilikuwa lake. Mchungwa wenyewe ulibaki kijitawi chembamba kama kidole, kimezikwa kivulini.

"Kumbe haukukasirika," Rahema alisema.

"Mti hauna nafasi hiyo. Kukasirika ni kazi yetu."

Msumeno ulipogusa tawi nene, Rahema alimshika mkono. "Ukikata hili, kutabaki nini?"

"Kitabaki alichopanda."

Rahema aliuachia mkono.

Karambu alikata kwanza kwa chini, kidogo, ndipo akaja juu, ili tawi likianguka lisichune gome. Machipukizi madogo hakuyakata. Aliyang'oa kwa kidole gumba, yasirudi. Miiba ilimchora mikono hadi kwenye viwiko, naye akaendelea kunong'ona wimbo wa kanisani. Adhana ya alasiri ilipolia, ua ulikuwa umejaa matawi, na katikati imesimama fimbo yenye majani machache.

Shemeji aliingia, akacheka. "Huu ndio mti? Hata mbuzi ataona haya kuula."

"Mbuzi ana adabu," Karambu alisema bila kugeuka. "Hali cha wenyewe."

Shemeji alicheka tena, safari hii kwa kushindwa. Akaupa mti mwaka mmoja uonyeshe kama uko hai.

Mvua zilipita, zikaja nyingine. Asubuhi moja Rahema aliona maua meupe, akakimbia hadi Gakoromone na kanga begani.

"Yachume yote," Karambu alisema.

"Yote? Mama, nimengoja miaka mitano!"

"Tawi bado bichi. Likibeba mwaka huu, litavunjika. Liache lipate mifupa."

Rahema alirudi nyumbani polepole. Alisimama mbele ya mchungwa, akavuta pumzi ya ile harufu, kisha akaanza kuchuma, ua moja moja, kwa mkono wake mwenyewe.