Kitabu Kigumu na Wembe wa Mama

Mama yangu aliacha kwaya kwa ajili yangu. Nalisema mapema ili ueleweke ubishi wangu wote unaofuata. Kwenye kwaya ya kanisa lake la zamani, pale kijijini kwetu Isansa, ameimba tangu hajaolewa. Siku niliporudi kutoka Tunduma nikamwambia nimebatizwa kwa Wamormoni, alininunia wiki mbili, kisha akaniuliza ibada yetu inaanza saa ngapi. Shangazi zangu wakasema nimemroga. Mimi nilijiona mshindi, maana Jumapili nilikuwa na mama ubavuni.

Kilichotushinda ni kitabu. Mama aliishia darasa la nne, na Kiswahili alikikuta shuleni. Nyumbani ni Kinyiha. Biblia anaimudu kwa sababu nusu yake anaijua kwa kichwa. Lakini kile kitabu kingine cha Wamormoni, tunachokisoma pamoja na Biblia, kina sentensi ndefu, "ikawa" juu ya "ikawa", mpaka ukifika mwisho umeshasahau ni nani alikuwa anafanya nini. Siku alipoombwa asome mbele za watu, alikwama kwenye mstari mmoja mara tatu, na mama mmoja aliyekaa nyuma akacheka. Hakucheka kwa ubaya, namfahamu. Mama hakulijua hilo. Tulipofika nyumbani alikifunga kitabu kwenye kitenge, akakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo.

"Mwanangu, narudi kwaya," aliniambia, wala hakuwa na hasira. "Kule hakuna anayeniuliza mstari."

Iliniuma sana. Alikuwa amepangiwa kufundisha darasa la akina mama Jumapili ya mwisho wa mwezi, sura ile ndefu ya mwenye shamba na mzeituni wake uliozeeka. Nikamwomba anivumilie mpaka siku hiyo. Nikamwahidi kumletea sura hiyohiyo kwa Kiswahili cha watu, na kama nacho kitamshinda, basi aende kwaya, tena nitamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina meza, kompyuta na mashine ya kopi pale Tunduma, karibu na mpaka, na wateja wangu hunipa maelezo kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kwa pumzi moja, mimi natoa barua inayosomeka. Sasa sura moja inishinde kwa nini?

Kiongozi wa kikundi chetu, mwalimu mstaafu, mtu mpole, alipopata habari aliniita pembeni.

"Dada, maandiko hayakarabatiwi," alisema.

Nikamjibu kwamba sikarabati kitu. Kitabu kitabaki mkononi mwa mama kama kilivyo, na karatasi zangu zitakaa pembeni, juu zimeandikwa wazi kuwa ni maelezo tu. Miwani haibadilishi barua. Akafikiri, akaniomba nisiongeze la kwangu hata moja. Nikakubali haraka haraka. Siku ile ningekubali hata kuandika kwa mguu.

Nilihangaika nayo wiki tatu. Sentensi moja niliikata ikawa nne. Kila mahali nilitaja ni nani anasema. Mzeituni niliuacha uwe mzeituni, nikaeleza tu kwamba ni mti wa matunda madogo yanayokamuliwa mafuta. Nilipofika kwenye neno "kupandikiza" sikusita. Nani asiyejua kupandikiza? Ni kuhamisha mche kutoka kitaluni kwenda shambani. Nikaandika kwamba mwenye shamba aling'oa mti wake, akapanda wa porini mahali pake. Nikajipongeza kwa soda.

Jumamosi nilienda Isansa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda katikati ya miche yake ya parachichi, wembe mkononi na vipande vya nailoni mapajani. Nikamsomea huku anafanya kazi. Aliitikia, na mara mbili alicheka mahali pa kucheka, moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha mkono wake ukasimama.

Akaniuliza kama mti wa zamani uling'olewa. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona basi mbele kidogo mwenye shamba anahangaika mizizi yake isife. Nikapekua karatasi zangu, huku na huku. Nikamwambia pengine ni fumbo.

"Fumbo gani? Ngoja kwanza," alisema, akanyanyuka.

Alikwenda kukitoa kitabu sandukuni mwenyewe. Alisoma kwa kidole, nusu saa nzima ukurasa mmoja, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Alipomaliza alivuta mche wa kienyeji, akaukata kichwa, akaupasua kidogo, akachomeka kikonyo, kijitawi cha parachichi la kisasa, na kukifunga kwa nailoni.

"Anachofanya ni hiki," alisema. "Anabebesha."

Jamani! Kubebesha. Kuunga kijitawi cha mti huu kwenye shina la mti ule. Neno la kila mwenye parachichi Mbozi nzima, na mimi, mtoto wa shamba, nimeng'oa mti wa watu na mizizi yake. Nilicheka, nikaona aibu, nikafurahi kupita kiasi, vyote pamoja. Ukurasa ule niliufuta, nikauandika upya palepale kwa kalamu, mama akinitajia la kuandika.

Jumapili alisimama mbele ya akina mama, mche wake ukiwa ndani ya kopo. Kiongozi alikuwa amekaa karibu na mlango. Mama alisoma kitabu chenyewe, polepole. Alikwama mara mbili, akachungulia karatasi, akaendelea. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye "kupandikiza" aliinua kopo.

"Tawi linabebeshwa juu ya mti ambao haukulizaa," alisema. "Na mimi nimebebeshwa hapa uzeeni. Ukilitikisa kabla halijashika, linakauka. Nivumilieni, nitashika."

Yule mama aliyecheka siku ile alitazama chini. Kiongozi aliazima penseli, akaandika "kubebesha" pembeni mwa ukurasa wake. Mimi nililia, na sikujificha.

Njiani mama alibeba kopo mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, bila kitenge. Nikamwambia kesho naanza sura nyingine.

"Anza," alisema. "Ila ukimaliza uniletee kwanza nikukague, usije ukang'oa mti mwingine."