Hema la Tarehe 19 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Obadiah Nyamongo amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande huko Manga. Hasali. Anasikiliza kigingi. Anakigonga kwa nyundo, anakitikisa, kisha anakikazia macho kama mwalimu wa zamu.

"Hiki kinadanganya," anasema, na kukichomoa.

Obadiah, mwenye umri wa miaka 55, hukodisha mahema ya harusi na mazishi kutoka Magwagwa, Kaunti ya Nyamira. Hema la watu hamsini ni shilingi elfu tatu. Ushauri kuhusu mvua ni bure, utake usitake.

Ushauri huo hutoka kwenye daftari nene analolibeba likiwa limefungwa kwa kipande cha turubai. Kila ukurasa una tarehe moja tu, na chini yake ameorodhesha balaa zote za hali ya hewa alizoziona tarehe hiyo, mwaka baada ya mwaka. Kamati za mazishi humpigia simu kabla ya kumpigia mchungaji. Maharusi wamesogeza ndoa kwa neno lake.

Mtu mmoja tu amekataa kusogea. Bintiye Beverlyne, muuguzi mjini Kisii, anaolewa Jumapili, tarehe 19 Aprili.

"Kwani siku zingine zimeisha?" Obadiah anauliza. "Hata Shetani angeogopa kulowa siku hiyo."

Ukurasa wa 19 Aprili umejaa hadi pembeni. Mwaka 2009, maji yalibeba sufuria za wali hadi mtoni, vifuniko vikiwa juu. Mwaka 2015, upepo uling'oa hema lake kwenye harusi huko Nyaramba, likavuka bonde bila nauli na kutua kwenye mazishi ambayo kamati yake ilikuwa na hema moja tu. Waombolezaji waliimba wimbo wa shukrani, wakalifunga kwenye migomba.

Obadiah alipofika kulidai, aliambiwa aketi, mahubiri hayajaisha.

"Mhubiri alikuwa amefika kwenye mana iliyoshuka kutoka mbinguni," anakumbuka. "Ningesimama vipi niseme mana ni yangu?"

Tangu siku hiyo, wingu likitokea tu, yeye hushika kamba kubwa kwa mikono yake mpaka sherehe iishe. Ukiondoa mahubiri hayo, kwa miaka 27 ya kazi hajawahi kuketi chini ya hema lake mwenyewe. Na hilo ndilo Beverlyne analoliogopa.

"Mvua siiogopi," anasema. "Naogopa kusindikizwa na mjomba, huku Tata, baba yangu, akining'inia nje kwenye kamba kama suruali iliyofuliwa."

Wiki tatu zilizopita, Obadiah alimsomea ukurasa huo mezani, taratibu, ili balaa zimwingie. Mkewe, Ruth Mong'ina, aliacha kuchambua mboga.

"Baba Beverlyne, umeruka mstari wa kwanza."

"Huo si wa hali ya hewa."

"Soma."

Akasoma. "1999. Mvua ya mawe, makubwa kama mayai. Mabati yote yametoboka. Mtoto wa kike, saa tisa alasiri." Hapo akataka kugeuza ukurasa, lakini Beverlyne, ambaye alikuwa ameichagua tarehe hiyo kwa sababu ni yake, akamalizia akichungulia begani mwake: "Analia kuushinda mvumo wa mawe."

Siku hiyo Obadiah alikuwa amefunga turubai la kuanikia mahindi juu ya kitanda cha mama na mtoto. Jirani aliyekuja kumwona mtoto alilitazama turubai kwanza, akaliazima kwa mazishi. Biashara ikaanza hivyo. Daftari nalo likaanza, ukurasa huo ukiwa wa kwanza.

Tarehe haikubadilishwa. Kilichobadilika ni mshika kamba. Obadiah amemwajiri mshindani wake, Mathew Obwocha, ambaye Obadiah mwenyewe kwa miaka mingi amemshutumu hadharani kwa kufunga mafundo ya kufungia mbuzi.

"Amenipa sharti," analalamika. "Nisiguse kitu. Hema ni langu, binti ni wangu, na nisiguse kitu!"

Ruth anacheka. "Utagusa nini na umemshika binti mkono?"

Vigingi vitakuwa mara mbili ya kawaida. Obadiah atamwingiza Beverlyne, kisha ataketi mstari wa mbele, kwenye kiti alichojichagulia mwenyewe, kando kabisa ya nguzo ya kati.

"Sitaishika," anasema, kama mtu anayekula kiapo. "Nitaiegemea tu."