Kipuli cha Masaka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Ilikuwa enzi za Mjerumani. Ng'ombe wa boma la serikali alikuwa ameibwa wakati wa magharibi, jua likizama, na mume wangu Masaka amesimamishwa mbele ya akida, mikono imefungwa nyuma. Hukumu tuliijua: viboko hamsa ishirini, kisha mnyororo wa kwenda kuponda mawe ya reli. Wengi hawakurudi. Nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Shahidi alikuwa Mzee Chilongani, jirani yetu, mtu asiyejua uongo. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mwongo hubabaika, yeye alitulia tuli.

"Huyu nimemlea," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilimwona akiswaga ng'ombe. Kipuli chake cha shaba kiking'aa sikio la kushoto."

Kipuli kile nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la nguo yangu. Ndewe ya sikio la kushoto la Masaka ilichanwa na pembe ya ng'ombe tangu wakati wa palizi, kabla ya wizi ule, na mimi ndiye niliyekuwa nikiipaka samli. Kwetu ndewe iliyochanika ni aibu, basi kila akitoka alijitanda shuka kichwani, akaniapisha nisimwambie mtu. Hata pale shuka ilikuwa kichwani. Kichwa kigumu yule, angekufa na aibu yake.

Mke kijana hasemi mbele ya wakwe, na mzee aliyemlea mume wangu alikuwa mkwe kwangu. Basi nilisogea, nikaivuta ile shuka. Sikio likaonekana, ncha mbili zilizokwisha kupona zinaning'inia, hapana pa kutundika kipuli.

Mzee Chilongani akaligusa sikio lake mwenyewe. "Lakini nilikiona," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikiona, mkwe wangu."

Akida alifoka, ila shahidi mwingine hakuwapo, akamwachia Masaka. Na mzee hakudanganya. Aliona mgongo wa mtu mrefu katika giza la jioni, mengine moyo wake ukayajaza kwa aliyoyazoea.

Basi, mwanangu, ukiitwa kushuhudia, jiulize: hili nililiona, au nalijua tu? Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Wala usimcheke yule mzee. Sikio bovu la Masaka nililitazama kila siku mpaka akaota mvi, mpaka nikamzika. Lakini leo nikiikumbuka siku ile mbele ya akida, namwona Masaka amesimama na kipuli kinang'aa, hali kilikuwa pindoni mwangu.

Mungu akuepushe na shahidi mwenye hakika, akujalie nawe ulimi unaosita.