Protini Isiyoliwa

Tangu alipoota meno ya pili, Anande Nanyaro alicheka mkono ukiwa mdomoni. Kwao, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, maji yana floraidi nyingi mno. Mtoto hucheka na meno ya utoto meupe pee, yakishang'oka, yanayofuata yanatoka ya kahawia kama yamelowekwa kwenye chai ya rangi. Alipokuja mjini kusoma, wenzake walimuuliza kama kwao miswaki haijafika. Jamani! Msichana alikuwa anasugua mpaka fizi zinatoka damu.

Uchungu huo ndio uliompeleka chuo kikuu, kisha Ulaya, akarudi Dakta wa kemia. Alitaka kujua jambo moja tu. Jino, kabla halijachomoza, hujengwa juu ya protini, na protini ni kama uzi uliokunjwa kwa mpangilio wake. Je, kwenye maji yale, uzi unakunjika vipi hata jino liharibike? Kuna mashine inayopitisha mwanga kwenye protini, na ukiutazama mwanga unavyotoka upande wa pili, unajua uzi umekunjwaje. Wenye kazi yao huiita spektroskopia. Alimweleza kaka yake Thomasi hivyo hivyo, jikoni, akikunja kamba ya mgomba vidoleni.

"Basi itafute hiyo mashine," alisema Thomasi. "Nice wangu hajang'oka hata jino moja."

Nice, binti yake, alikuwa anacheka mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana.

Mfuko mmoja wa ng'ambo ulikuwa ukiwafadhili madakta wapya waendelee na utafiti, ila ukishapitisha miaka mitano tangu upate udaktari, umeachwa. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa Anande. Aliomba, akakubaliwa. Walimu wenzake wa sekondari Ngarenaro, alikokuwa akifundisha huku akisubiri, wakamnunulia soda. Lililobaki ni kuweka sahihi mbele ya kamati ya Arusha, kwani fedha zilipitia huko.

Enzi zenyewe zilikuwa za ruksa. Mitumba ruksa, magari ruksa, na kila hoteli mjini imetundika bango la warsha. Kamati ilikutana hotelini, wakati wa chakula cha mchana, na chupa za maji ya dukani zimepangwa mezani. Maji ya bomba waliwaachia wengine.

"Shikamoo, Mzee," Anande alimsalimu mwenyekiti, Dakta Frederick Ndesanjo.

"Marahaba, binti. Hongera sana! Umetuletea ulaji."

Wakacheka. Anande naye akacheka, mkono mdomoni, akidhani ni utani. Kumbe mzee wa watu alikuwa anasema kweli.

"Tumeuboresha mradi wako," alisema Ndesanjo, akichokonoa nyama kwenye meno kwa kijiti. "Protini ni jambo zuri. Watoto wa mlimani wanahitaji mayai."

"Mayai?"

"Protini si mayai?" aliuliza Bi Tekla, mjumbe wa kamati, na masikini alikuwa anauliza kwa moyo safi. "Mayai, maharage, dagaa. Hata kliniki wanatufundisha."

"Mama, hii ni protini ya jino. Hii hailiwi."

"Binti," alisema Ndesanjo, "katika mji huu hakuna protini isiyoliwa."

Wajumbe walipiga meza kwa kicheko. Mashine ilikuwa imefutwa, mahali pake pamewekwa shangingi, gari kubwa la kupandia mlima. Mmoja akauliza mwanga wa kununua ni mwanga gani, na dirisha hilo hapo. Ndesanjo akakichomoa kile kijiti mdomoni, kina uchafu wake, akakifuta kwenye jalada la andiko la Anande. Kisha akamsogezea kalamu.

"Weka sahihi. Utakuwa mratibu msaidizi, posho ipo."

Anande alikitazama kile kipande cha nyama juu ya jina lake. Alijua kwamba akikataa, nafasi kama ile hataipata tena maishani. Na mashine ataisoma kwenye vitabu tu.

"Siweki," alisema, akatoka.

Nje alitapika kwenye maua ya hoteli, na hakuona haya.

Unadhani waliona aibu? Thubutu! Walimwokota Derick fulani, dakta mpya wa mambo ya masoko, akasaini bila hata kukaa. Anande akawaandikia wafadhili. Walijibu kwa adabu kubwa kwamba wanaheshimu maamuzi ya wenyeji. Wenyeji! Ptu!

Nice aling'oka meno, yakaota ya pili. Jumamosi moja, Anande akiwa nyumbani kumsaidia wifi yake kuchuma kahawa, shangingi lilipanda mpaka shule ya kijiji, limeandikwa ubavuni "Protini kwa Wote". Watoto waliitwa. Saa sita Nice alirudi na yai la kuchemsha mkononi. Walikuwa wamelichemshia hapo hapo shuleni, kwa maji ya mfereji.

"Shangazi," alisema, mkono wa pili ukiwa mdomoni, "yule mzee mwenye gari kasema wenye meno mabaya tusicheke kwenye picha. Kasema tufunge midomo."

Anande hakuwahi kumfundisha mtoto yule kufunika mdomo. Aliitua ndoo ya kahawa, akamshika mkono, wakashuka mpaka shuleni, yeye na buti zake zenye matope.

Watoto walikuwa wamepangwa mbele ya shangingi, midomo imebanwa kama wamenyweshwa kwinini. Anande akawapita, akasimama katikati, akamweka Nice mbele yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa mabegani mwa mtoto.

"Chekeni, wanangu," akasema, na yeye akacheka kwa nguvu, meno yote ya kahawia nje, na watoto wakapasuka kicheko nyuma yake. Mpiga picha akashusha kamera.

"Dakta Anande," alisema Ndesanjo kwa sauti ya chini, "funga mdomo, unatuharibia mradi."

"Piga picha," Anande akamwambia yule kijana wa kamera. "Hii ndiyo protini yenyewe."